Mbwa wa Staa Anakula Nyama Mbichi, Wewe Unaiga ya Nini?

Leo naomba tuwaache kidogo wanaoachana na wanaorudiana, tuongee kuhusu bakuli la mbwa. Ndiyo, la mbwa. Usifunge kwanza, nina sababu.

Ile klipu najua mmeiona. Msanii mmoja wa kike, jina nalihifadhi, kajirekodi jikoni kwake akimwandalia mbwa wake steki mbichi, kipande cha ini na yai bichi juu yake. Chini kaandika kwamba anamrudisha mbwa kwenye asili yake. Siku mbili tatu mbele, mtangazaji mmoja wa redio, naye jina kapuni, akarusha jibu la mafumbo: mfuko wa chakula kilichokaushwa kutoka nje, kaumwagia maji ya uvuguvugu, anasema wenzake wafuge bakteria, yeye anafuga mbwa. Basi! Komenti zikawaka moto. Timu Mbichi huku, Timu Kavu kule, na katikati wale wa "watu hawana hela ya kula nyie mnabishania mbwa".

Mimi nilikuwa Timu Mbichi. Nasema nilikuwa.

Mwaka jana nilipewa mtoto wa mbwa, chotara wa German Shepherd, miezi mitatu, nikampa jina Chuma. Nikasema huyu hatokula ugali wa pumba kama mbwa wa mlinzi. Kila siku nyama ya buchani, mnofu mtupu, na Jumapili ini. Manyoya yakang'aa kweli, sitadanganya. Nikawa naposti, watu wanaweka makopa. Baada ya wiki kama nane nikaona miguu ya mbele inapinda. Jina Chuma, miguu kama ya mtoto mwenye matege. Ukimbeba analia.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Mzee wa watu akamshika miguu kimyakimya, akaniuliza, "Kijana, unamlisha nini huyu?" Nikajibu kwa kujiamini, "Nyama tupu dokta, namba moja." Akatikisa kichwa. "Sasa hapo ndipo ulipomuumiza."

Akanielewesha hivi. Nyama ya mnofu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu sana. Mbwa anayekua akikosa kalsiamu kwenye chakula, mwili unaenda kuikopa kwenye mifupa yake mwenyewe, na mifupa inalainika. Simba wa porini hali mnofu peke yake, anakula na mifupa na vya tumboni. Mimi nilikuwa nachukua kipande kimoja cha asili halafu najiita mtu wa asili.

Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanikosesha raha: "Nyumbani kuna mtoto mdogo?"

Yupo. Mtoto wa dada yangu, miaka miwili, anacheza sakafuni na Chuma, wanalambana usoni, kipande cha mkate wanagawana.

Hapa ndipo nataka Timu Mbichi mnisikilize bila povu. Hoja yenu kubwa ni kwamba tumbo la mbwa lina asidi kali, bakteria hawamfanyi kitu. Ni kweli mbwa wengi wazima wanakula nyama yenye salmonela na hawaumwi. Lakini kutoumwa siyo kutobeba. Anaitoa kwenye kinyesi, inakaa kwenye manyoya na mdomoni, halafu anakuja kumlamba mtoto. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipima sampuli 196 za vyakula vibichi vya mbwa na paka kati ya 2010 na 2012. Sampuli 15 zilikutwa na salmonela, 32 zikakutwa na listeria, ambayo ni hatari sana kwa mama mjamzito. Na hizo zilikuwa za viwandani, zinatunzwa kwenye friza. Sasa wewe nyama yako imening'inia buchani tangu saa kumi na mbili asubuhi, joto la Dar unalijua, nzi wanapiga doria, ukifika nayo nyumbani umeme umekatika. Na usiseme friza inaua. Kugandisha kunawalaza bakteria tu, ukiyeyusha nyama wanaamka.

Kuna jingine ambalo hatuliongelei mjini. Yale maini na mapafu ya bure wanayowatupia mbwa machinjioni yanaweza kuwa na vijifuko vya minyoo tegu. Mbwa akila, minyoo inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, binadamu akiyameza anaota mifuko ya maji kwenye ini au mapafu. Wenzetu wa Turkana, Kenya, wameteswa na huo ugonjwa kiasi kwamba miaka ya 1980 AMREF waliendesha kampeni nzima ya kupambana nao. Siyo hadithi ya kutishia watoto.

Haya, Timu Kavu msianze kushangilia, na nyie zamu yenu.

Kukausha kunatoa maji, basi. Bakteria hawazaliani pakavu, lakini baadhi wanaweza kukaa humo wamejikunyata, salmonela ikiwemo. Kama nyama haikupikwa kabla ya kukaushwa, au imekaushwa kwa kugandishwa, hiyo bado ni nyama mbichi iliyovaa suti. Soma mfuko: unasema imepikwa? Unasema ni chakula kamili, au ni cha kuongezea tu? Vingi ni vya kuongezea, ukimlisha hicho peke yake unarudi kulekule kwa Chuma. Na ukishaloweka, hicho siyo kikavu tena. Asipomaliza, mwaga. Kukiacha mpaka jioni kwenye joto ni kuotesha wadudu kwa hela yako mwenyewe.

Na hela yenyewe! Mfuko wa nje bei yake unalipia geto Mbagala mwezi mzima. Ni kweli ukiloweka unaongezeka mara tatu nne, ni mwepesi kubeba, hauhitaji friji, unakaa muda mrefu. Kama mfuko unazo, sikukatazi. Kati ya hizo mbili, kwenye nyumba yenye mtoto, mjamzito au mzee, mimi leo nachagua kikavu kilichopikwa, bila kupepesa macho.

Lakini nani katuambia ziko mbili tu?

Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jini la kusaga wanga kuliko mbwa mwitu. Yaani kuishi na sisi kumembadilisha, ugali na wali tumbo lake linaumudu. Kwa hiyo lile sufuria la bibi halikuwa ushamba: wali au ugali, nyama iliyochemshwa, mboga kidogo. Mimi naongeza dagaa wasio na chumvi, wale wadogo wanaoliwa na mifupa yao laini, maana hapo kuna kalsiamu. Na dagaa ni nini kama siyo chakula kilichokaushwa? Tunacho sokoni, tunanunua kwa kopo. Kitunguu na kitunguu saumu usiweke, ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa usimpe, inavunjika kama vioo. Na kama ni mtoto wa mbwa, muulize daktari vipimo na kalsiamu ya kuongezea, usiniulize mimi wala staa wako.

Maana tuambiane ukweli. Yule dada kwenye klipu ana friza lake la mbwa, jenereta, na daktari anayekuja nyumbani. Ana pia dada wa kazi, ambaye kamera haimwonyeshi, anayeyeyusha ile nyama, anayefuta damu kwenye kaunta, anayeosha bakuli na kuzoa kinyesi. Akiumwa tumbo wiki nzima, hilo haliendi kwenye stori. Kwetu bakuli la Chuma lilikuwa linaoshwa sinki moja na sahani za mtoto, na anayeosha siyo mimi niliyekuwa nachukua makopa. Wahenga walishasema, ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. Mimi nilipoiga, aliyepasuka ni mbwa, na ilibaki kidogo tu awe mtoto wa watu.

Chuma yupo, anakimbia. Mguu wa kulia haujanyooka vizuri na daktari anasema ndiyo basi. Kila akija kunipokea getini nauona.

Haya, Timu Mbichi, Timu Kavu na Timu Sufuria, uwanja wenu. Wa kwako anakula nini, na bakuli lake nani anaosha? Dondosha komenti hapo chini. Matusi weka pembeni.