Usiniambie Usawa, Nionyeshe Nani Anapiga Kura



Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wenu mngepita nacho haraka: idara ya masomo ya jinsia chuoni. Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya wazungu, ifungwe tu. Kuna wengine wataitetea hata kabla hawajasikia swali. Subirini nyote. Leo sibishani kuhusu kinachofundishwa darasani. Nauliza kuhusu chumba cha pili, kile cha mkutano wa idara, mlango ukishafungwa. Nani yuko ndani? Nani anapiga kura? Na nani analetewa habari baadaye kama mgeni?

Hii ndiyo idara inayowafundisha watu kuuliza maswali hayo kuhusu kila nyumba na kila serikali. Nani anaamua, nani anafanya kazi, nani anakula. Basi ni haki nayo iulizwe. Wanasema mganga hajigangi, lakini huyu wacha tumpe dawa yake mwenyewe aonje.

Twende California, mwaka 1970. Chuo cha San Diego State kilianzisha programu ya masomo ya wanawake, na hiyo ndiyo inayotajwa sana kuwa ya kwanza Marekani. Haikushuka kutoka ofisi ya mkubwa. Wanafunzi na walimu wanawake walikusanya sahihi, wakafanya mikutano, wakasukuma mpaka chuo kikakubali. Walipopata chumba chao wakasema hatutaki bosi. Mambo yataamuliwa na kamati kwa pamoja, mwalimu na mwanafunzi wakae meza moja. Ukisoma hapo unapenda. Hata mimi nilipenda.

Lakini chuo kina taratibu zake. Chuo kinataka jina moja la kuandikia barua. Kinataka mtu wa kusaini bajeti, mtu wa kupendekeza nani aajiriwe na nani apandishwe cheo. Wao wamekaa duara, chuo kimejengwa kama ngazi. Mvutano ukawa mkubwa, wao kwa wao na wao na wakuu wa chuo, mpaka mwaka 1974 walimu wa kundi lile la mwanzo wakajiuzulu kwa pamoja. Programu haikufa. Waliletwa walimu wapya, ikaendelea kwa utaratibu ambao chuo kinaujua.

Sasa kuna mtu ataruka hapa aseme, si unaona, usawa hauwezekani, lazima kuwe na mkubwa. Pole pole. Somo si hilo.

Miaka hiyo hiyo, mwanamke mmoja wa harakati za wanawake Marekani, Jo Freeman, aliandika makala inayoitwa The Tyranny of Structurelessness. Hakuwa adui akiwapiga mawe kutoka nje, alikuwa mwenzao. Hoja yake ni hii: kundi likisema halina muundo, halimaanishi halina wakubwa. Wakubwa wapo, ila hawakuchaguliwa, hawana cheo kilichoandikwa, na kwa hivyo huwezi kuwaondoa. Ni marafiki wanaopigiana simu jana usiku. Wewe unafika mkutanoni asubuhi na daftari lako, kumbe mambo yalishaiva.

Hiyo unaijua, si ndio? Umewahi kuitwa kikao, ukapewa chai na mandazi, ukaulizwa maoni, halafu ukagundua barua ilikuwa imepigwa muhuri siku mbili kabla. Kuna idara zinafanya hivyo zikiita "makubaliano ya wote". Mwenyekiti anauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Kimya. "Haya, tumekubaliana." Lakini mle ndani kuna mhadhiri ambaye mkataba wake unaisha Desemba, na anayeandika barua ya kumwongezea ni huyo huyo anayeuliza kama kuna pingamizi. Kweli atanyanyua mkono? Kimya cha mtu mwenye njaa kinaandikwa kwenye kumbukumbu kama ndiyo. Ati usawa.

Ndiyo maana mimi sijali sana maneno mazuri yaliyobandikwa mlangoni. Nileteeni kanuni za idara. Hizo karatasi kavu zisizosomwa na mtu ndizo zinasema ukweli wote. Zinasema akidi ni watu wangapi. Zinasema mwenyekiti anakaa miaka mingapi na anatoka vipi. Zinasema ajenda inatolewa lini, kura ya siri inaitishwa na nani, kumbukumbu zinasomwa na nani. Na juu ya yote zinasema nani ni mwanachama wa huo mkutano.

Hapo kwa uanachama ndipo shida ilipo. Tuangalie watu wanaoibeba idara kama hii.

Kuna wahadhiri wa kudumu. Hao wana kura, hakuna shida.

Kuna wahadhiri wa kuazima. Idara nyingi za jinsia zilianza kama programu ndogo isiyo na nafasi zake za kazi. Mmoja anatoka historia, mwingine fasihi, mwingine sosholojia. Mshahara wake uko kule, na kupandishwa cheo kwake kunaamuliwa kule, au pande zote mbili. Huyu ana mabwana wawili. Anafundisha huku, anasimamia utafiti wa wanafunzi huku, anakaa kamati huku, halafu siku ya kuhesabu kazi yake kule kwao wanasema hiyo si yetu. Idara ikimpa kura lakini haina nafasi yake ya kazi ya kumpa, imempa nusu ya haki.

Kuna mhadhiri wa muda. Anafundisha yale madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza, anasahihisha mitihani mpaka usiku wa manane. Hapa Kenya hadithi yake tunaijua, malipo yake yanasubiri muhula baada ya muhula. Katika idara nyingi huyu hana kura hata moja. Mtaala anaoufundisha unabadilishwa bila yeye. Sasa niambie, idara inayoandika vitabu kuhusu kazi ya mwanamke isiyolipwa na isiyoonekana, inawezaje kumpita mwanamke huyu kwenye veranda yake yenyewe kila asubuhi?

Kuna karani wa idara. Anajua faili zote, anajua nani amelia ofisini na kwa nini. Yeye huitwa mkutanoni kuandika, haitwi kusema.

Na kuna wewe mwanafunzi. Ukibahatika unapewa mwakilishi mmoja, wa kusikiliza na kuongea, kura hana. Na hapa kwetu unajua vile kura huweza kuenda safari ndefu. Sheria ya vyuo vikuu ilirekebishwa mwaka 2016, na viongozi wa wanafunzi wakaanza kuchaguliwa kupitia wajumbe. Yaani unamchagua mtu, yeye ndiye aende kukuchagulia. Kura yako ikifika kwa mkutano wa idara, kama itafika, imeshachoka.

Nasikia mtu akisema, kwani unataka mwanafunzi ampigie kura mwalimu wake kupandishwa cheo? La. Kuna mambo ya siri: faili la mtu, alama za wenzako, kesi ya malalamiko. Hayo mwanafunzi asiyaone, na kanuni ziseme hivyo waziwazi. Lakini masomo gani yafundishwe, saa za madarasa, pesa za idara ziende wapi, malalamiko ya unyanyasaji yapelekwe kwa nani na ndani ya siku ngapi, hayo yanamgusa. Chora mstari, uandike, kila mtu auone. Mstari usioandikwa unasogezwa na mwenye nguvu.

Kuna hoja nyingine, na hii ni nzito. Watu wanasema kanuni za idara ni kelele tupu kwa sababu wakubwa wa juu wanaweza kuifuta idara yote kwa siku moja. Ni kweli wanaweza. Oktoba 2018 serikali ya Hungary iliondoa masomo ya jinsia kwenye orodha ya shahada za uzamili zinazoruhusiwa nchini. Vyuo viwili viliguswa, Central European University na ELTE, vyote vya Budapest. Hakuna mkutano wa idara uliopiga kura hiyo. Florida, Januari 2023, gavana Ron DeSantis aliteua wajumbe wapya sita kwenye bodi ya New College. Kufika Agosti bodi ikapiga kura ya kuanza kuifunga programu ya masomo ya jinsia. Tena kura ilipigwa chumba kingine.

Na wewe unayeshangilia kwa kuwa hupendi hayo masomo, fikiria mara mbili. Kalamu ya serikali iliyofuta somo moja haijaisha wino. Kesho itafuta lako, na utakuwa umeshaipigia makofi.

Lakini hiyo si sababu ya kuacha kanuni za ndani. Ni sababu ya kuzishika zaidi. Siku shoka likija, idara itamwita nani? Itamwita mhadhiri wa muda aandamane. Itamwita karani alete kumbukumbu. Itawaita wanafunzi wakusanye sahihi, kama wale wa San Diego. Nao watauliza swali dogo tu: tulipokuwa tunaamua, tulikuwa wapi? Mtu hailindi nyumba ambayo hajawahi kupewa ufunguo.

Basi wewe unayesoma chuoni, iwe ni idara ya jinsia au ya uhandisi, fanya hivi wiki hii. Nenda ofisini, salimia vizuri, omba kanuni za idara. Uliza nani ana kura. Uliza mwenyekiti aliingia lini na anatoka lini. Uliza kumbukumbu za mkutano wa mwisho ziko wapi. Uliza mhadhiri wako wa muda alialikwa au hakualikwa.

Wakikuambia hizo kanuni hazipo, ushapata jibu. Rudi na wenzako kumi, na kalamu.