FUNDI NA MWENYE NYUMBA WAPIMWE KWA KAMBA MOJA

Mvua za kwanza zikianza kupiga mabati ya Kolwezi, husikika kelele mbili. Ya kwanza ni ya mvua yenyewe. Ya pili ni ya mwenye nyumba na fundi wake wanaogombana kiwanjani: huyu adai fedha yake iliyobaki, yule aonyesha ukuta ulioinama na maji yapitayo juu ya dirisha. Majirani hukusanyika, na wengine hucheka. Lakini, ndugu wasomaji, jambo hili si la kuchekwa. Hapo penye ugomvi pamezikwa jasho la miaka mingi ya mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi, na jasho la mtu mwingine aliyebeba matofali juani. Yafaa tuliseme wazi.

Wazee wetu hawakuujua sana ugonjwa huu. Tangu Kolwezi ilipoanzishwa kuwa mji mwaka 1937, mfanyakazi wa Union Minière alikaa kambini. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Kampuni iliijenga, kampuni iliitengeneza, na siku mtu alipotoka kazini kampuni ilitaka ufunguo wake. Hata baada ya kampuni kutaifishwa mwanzoni mwa 1967, ikaja kuitwa Gécamines, desturi ile iliendelea miaka mingi. Kisha ikaja miaka ya 2003 na 2004. Kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi, kila mmoja na malipo yake ya mwisho mkononi. Tangu siku zile kila mtu amekuwa kampuni yake mwenyewe: atafute kiwanja, anunue matofali, atafute fundi. Na fedha ya namna ile haiji mara ya pili. Ukuta ukianguka, umeanguka pamoja na maisha ya mtu.

Nitawapa habari ya jirani yangu mmoja, mtu wa karakana. Alipatana na fundi dola 600 kwa kazi ya mikono, msingi na kuta mpaka kwenye lenta, vifaa vikiwa vyake yeye mwenyewe. Hapakuwa na maandishi. Alitoa dola 400 kabla msingi haujakauka, kwa sababu fundi alisema mtoto wake anaumwa. Kazi ilipokwisha, ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umeinama, hata mtoto aliuona. Jirani yangu akakasirika, akaapa kwamba hatatoa hata franka moja ya zile dola 200 zilizobaki. Fundi akaapa kwamba atang'oa madirisha. Basi jirani akamwita askari mmoja anayemjua. Fundi akalala mahabusu siku mbili. Askari akataka fedha ya usafiri, kisha ya karatasi, kisha ya kumtoa yule aliyemfunga. Mwisho wa habari, askari alikula, fundi alikimbilia Likasi, na ukuta ulibaki umeinama vilevile mpaka mvua za Januari zilipoulaza chini.

Sasa tufanye hesabu ambayo jirani yangu hakuifanya. Fundi mwingine alipoitazama kazi ile alisema kuuvunja ukuta mmoja na kuujenga tena, pamoja na simenti na matofali yaliyovunjika, ni dola 120. Msingi ulikuwa mzuri. Kuta nyingine zilikuwa zimesimama sawa. Basi haki ilikuwa nyepesi kabisa: kwanza fundi apewe nafasi ya kuurudia ukuta wake kwa gharama yake, akikataa, mwenye nyumba azuie dola 120 na alipe dola 80. Kuzuia zote 200 ni kula jasho la mtu kwa kazi aliyoifanya vizuri. Na kudai zote 200, kama alivyofanya fundi, ni kutaka kulipwa kwa ukuta usiofaa kuitwa ukuta. Wote wawili walikosa, na waliokosa wote wawili walilisha mtu wa tatu.

Wapo watakaosema: "Mwandishi huyu amewapenda mafundi." Sivyo. Lakini tujitazame kwanza sisi wenyewe. Mashirika ya RAID na CAJJ yalichunguza migodi 5 mikubwa ya shaba na kobalti ya upande wetu, na katika ripoti yao ya Novemba 2021 yalikadiria kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kwa kupitia makampuni ya kati, si na mgodi wenyewe. Ninyi mnaofanya kazi kwa makampuni hayo mwajua maana ya kusubiri mshahara, kukatwa fedha bila kuelezwa sababu, na kuambiwa, "Kama hutaki, nenda." Twalia sana juu ya jambo hilo, na twalia kwa haki. Lakini Jumamosi mchana tukifika kiwanjani kwetu, mbele ya fundi na vibarua wake wawili, ni sisi tulio kampuni. Je, twasema nini? Wengi wetu twasema, "Kama hutaki, nenda." Mtu hawezi kudai kipimo cha haki mgodini, akakivunja nyumbani kwake.

Tena, si kila ufa ni kosa la fundi. Hapa kwetu ardhi yenyewe imechimbwa. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Kasulo alichimba kiwanjani kwake akakuta madini ya kobalti, na kwa muda mfupi kartie ikajaa mashimo mpaka chini ya sakafu za nyumba. Mwaka 2017 watu wa sehemu moja walihamishwa na mahali pale pakazungushiwa ukuta. Wakaao karibu na machimbo makubwa nao wajua jinsi baruti inavyotikisa vyombo kabatini. Mtu akimnyima fundi fedha kwa ufa ulioletwa na baruti, amemwadhibu maskini mwenzake kwa kosa la tajiri asiyemfikia.

Basi kabla ya kugombana, pima. Nyufa nyembamba kama utando juu ya lipu, mara nyingi ni lipu iliyokauka upesi bila kumwagiwa maji. Hilo ni la fundi, lakini ni dogo. Ufa wa mshazari utokao kwenye kona ya dirisha waonya kwamba lenta ni dhaifu au msingi umezama. Ufa upitao kutoka chini hata juu, na kuzidi kupanuka, ni habari ya msingi au ya ardhi. Bandika juu yake kipande cha lipu chembamba, andika tarehe. Kikipasuka baada ya wiki chache, ujue ukuta bado unatembea. Usikubali kuufunika kwa rangi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa kuta, teremsha timazi: uzi na jiwe haviongopi, wala havina kabila wala rafiki. Kwa kona, pima mita 3 upande huu na mita 4 upande ule. Kati ya ncha mbili lazima iwe mita 5 kamili, la sivyo kona si ya mraba. Kwa simenti, kwaruza kiungo cha matofali kwa msumari: kikimomonyoka kama unga wa muhogo, simenti ilipunguzwa au haikunyweshwa maji. Zege yahitaji maji kwa siku 7 za kwanza angalau. Hapo mwenye nyumba ajiulize pia: je, mimi nilileta maji? Je, mifuko ya simenti niliyonunua ilitosha, au nilimwambia fundi avute mifuko 10 ifanye kazi ya 15? Fundi aliyeamriwa na mwenye nyumba kubana simenti hawezi kulaumiwa peke yake, ijapokuwa fundi wa kweli angekataa.

Ukishapima, fuata njia hii. Mwite fundi, mtazame kazi pamoja mbele ya watu wawili, na wa pili awe fundi asiyewahusu. Yaandikwe yaliyo mazuri na yaliyo mabaya, kila moja na bei yake. Lipa yaliyo mazuri siku ileile. Kwa yaliyo mabaya, mpe barua yenye tarehe na siku za kutosha za kutengeneza, nawe uweke nakala. Usilete fundi mwingine kuvunja kabla siku hizo hazijapita, maana ukivunja umeuvunja ushahidi wako. Akikataa, nendeni kwa mkubwa wa kartie. Isipowezekana hapo, ipo tribinali ya amani.

Na sheria ipo. Sheria yetu ya mapatano ni ya tarehe 30 Julai 1888, ya zamani kuliko mji huu, tena ya siku za Leopold. Lakini bado inatumika, na kifungu chake cha 33 chasema mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa waliopatana. Pia sheria yamfunga mjenzi aliyepatana bei ya nyumba nzima kuwajibika miaka 10 nyumba ikianguka kwa ubaya wa kazi, hata kwa ubaya wa ardhi aliyoijengea. Fundi asidhani kwamba akiondoka kiwanjani mambo yamekwisha.

Lakini askari asiitwe kwa deni. Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambayo nchi yetu iliyaingia mwaka 1976, yakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kazi mbaya ni deni, si wizi. Aliyechukua fedha ya simenti akainywa, au akauza mifuko ya mwenziwe usiku, huyo ni jambo jingine, na mashtaka yake ni halali. Lakini tuache desturi ya kuwafungisha wenzetu kwa hongo. Huko ndiko kujikumbusha kiboko. Tulidai uhuru ili mtu asipelekwe mahabusu kwa neno la bwana. Leo, zaidi ya miaka 60 baada ya tarehe 30 Juni 1960, haifai kila mwenye nyumba kuwa bwana mdogo.

Dawa iliyo bora kuliko zote hunywewa kabla ya ugonjwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule. Andika kazi, bei, nani aleta nini, lini kazi itakwisha. Wote mtie sahihi au kidole, na mashahidi pia. Gawa malipo kwa kazi iliyoonekana: sehemu msingi ukiisha, sehemu kuta zikifika madirishani, sehemu kwenye lenta, sehemu mabati yakipigiliwa. Sehemu ya mwisho, tuseme moja ya kumi, ingoje mvua kubwa tatu zipite juu ya nyumba. Kila ukilipa, andika tarehe na sahihi. Mtoto wa fundi akiumwa, msaidie kwa moyo kama ndugu, lakini iandikwe kuwa ni mkopo, isichanganywe na bei ya ukuta.

Nanyi mafundi, tuna neno lenu. Msitaje bei ndogo ya kumnasa mtu, kisha mkaifidia kwa kuiba simenti. Msichukue viwanja vitano kwa siku moja. Kataeni kujenga msingi juu ya shimo la wachimbaji. Tena shikamaneni: mafundi wa kila kartie wakiwa na umoja wao, wakamtambua aliye fundi na kumrudi mwongo, mwenye nyumba atajua pa kushtaki, na fundi mwema atapata wa kumtetea asipolipwa. Umoja si wa mgodini tu.

Watu wa nje wamechukua shaba ya ardhi hii zaidi ya miaka 100, nasi twalalamika kwamba hawakutulipa kwa kipimo cha haki. Ni kweli. Basi kamba ile tunayotaka wapimwe nayo wao, tuanze kuinyosha viwanjani kwetu. Mlipe mwenzako alichofanya. Mdai asichofanya. Uandike yote mawili.