Akina Mama, Vijana na Mpiga Kura Asiye na Jina

Kila msimu wa kampeni ufikapo nchini Kenya, wachambuzi hukimbilia kubashiri jinsi wanawake watakavyopiga kura, utadhani ni kundi moja lenye kauli moja. Ilhali Fomu 34A, inayojazwa katika kila kituo kwenye uchaguzi wa urais, hunakili kura za kila mgombea pasi na kutaja jinsia ya waliozipiga. Tofauti inayozungumziwa hutokana zaidi na kura za maoni. Jukwaani hujengwa kwa lugha.

Lugha hiyo yafaa kuchunguzwa. Katika kampeni za 2022, Kenya Kwanza ilimvumisha mama mboga sambamba na mwendesha bodaboda, huku wafuasi wa Raila Odinga wakimwita kiongozi wao Baba. Tazama basi: baba ni mwenye kuongoza, mama ni mwenye kuuza sukuma wiki na kuahidiwa mkopo! Kweli, Martha Karua alikuwa mgombea mwenza wa Odinga, na magavana 7 wanawake walichaguliwa mwaka huo, ilhali 2013 hapakuwa na hata mmoja. Hata hivyo, kuwamo kwa mwanamke katika karatasi ya kura hakukubadili sana namna mpiga kura wa kike alivyosemeshwa. Aliimbiwa, akagawiwa leso kama ilivyo ada, akaahidiwa. Ahadi ya Kenya Kwanza kwamba nusu ya Baraza la Mawaziri wangekuwa wanawake haikutimia lilipotangazwa Septemba 2022.

Aliyesahaulika zaidi ni msichana. Neno "vijana" kisarufi halibagui jinsia. Jukwaani, aghalabu humaanisha wanaume wenye pikipiki. "Akina mama" nalo humwita aliyeolewa au aliyezaa. Mhitimu wa kike wa miaka 24, asiye na mume, mtoto wala kibanda cha mboga, husimama kati ya majina hayo mawili asiitwe kwa lolote. Ni vigumu kumtungia sera mtu asiye na jina katika hotuba. Juni 2024, wasichana wa aina hiyo walijitokeza kwa wingi barabarani jijini Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha, na hapana mwanasiasa aliyewaita.

Baadhi ya watakaoandika hotuba za 2027 wamo katika idara za Kiswahili hivi leo. Wanayajua maneno "wananchi", "wapiga kura" na "wanawake". Watayatumia?