Kisu kidogo kinanitosha

Juzi mpigapicha wetu alinikuta nyuma ya ofisi nikimenya embe, akakitazama kisu changu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, hicho ni kisu au kijiti cha meno?" Waliokuwa karibu wakacheka naye. Sikumjibu, maana embe lilikuwa dodo la haja na mikono yangu ilikuwa na kazi. Nimeona nimjibu hapa, tena kwa kirefu, kwa sababu swali hilo si lake peke yake. Wanaume wengi ninaowafahamu wanaamini kwamba kisu cha mfukoni kikiwa kidogo, basi mwenye nacho ana kasoro fulani. Jamani, kwa nini?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyetaka kuendelea akapumzike: mtu wa mjini anayetaka kutembea na kisu cha kukunja kila siku achague chenye bapa la sentimita 6 hivi, likizidi sana liwe 7. Awe mwandishi, fundi simu, mwalimu au mama lishe, hicho kinamtosha.

Sikuzaliwa na msimamo huu. Kisu changu cha kwanza nilikinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa mshahara wangu wa kwanza wa gazetini. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada yangu, nimepewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, najiona nimefika. Kisu chenyewe kilikuwa cheusi kote, bapa lake sentimita 10 (nililipima kwa rula nilipofika nyumbani), kina klipu ya kubana mfukoni, kina loki, na kinafunguka kwa kidole gumba kwa mlio wa "ta!" ambao niliurudia wiki nzima chumbani peke yangu kama mtoto aliyepewa filimbi. Leo nacheka. Wakati ule niliona nimenunua kitu cha maana sana.

Sasa tuzihesabu kazi zake kwa uaminifu. Kukata kamba za plastiki za mafurushi ya magazeti alfajiri. Kufungua bahasha na maboksi. Kuchuna waya wa chaja iliyokatika nikiwa kwenye mkutano wilayani. Kukata utepe wa gundi tunaozungushia maikrofoni. Kuchonga penseli, maana mimi ni wa kizamani na kalamu ya wino huniangusha daftari likilowa mvua. Kumenya machungwa, maembe na matango. Katika kazi zote hizo hakuna hata moja iliyotumia zaidi ya sentimita 4 za mwanzo kutoka kwenye ncha. Sentimita 6 zilizobaki nilikuwa nazisafirisha tu, kwenda na kurudi, kila siku. Mara moja ndipo nilipopata kazi kubwa, tikiti maji kwenye sherehe ya kipaimara, na hapo nako kisu hakikutosha, mwenye nyumba akaenda kuleta cha jikoni.

Tena kwenye kumenya, urefu ni usumbufu. Kidole gumba lazima kiifikie ncha, la sivyo unakatakata ganda vipande vipande badala ya kulizungusha. Watazame vijana wanaouza machungwa kwenye mikokoteni. Nimewatazama wengi. Visu vyao vimenolewa mpaka vimebaki vyembamba na vifupi, na mtu ukimpa kipya kirefu anakuona unamchelewesha.

Hata hivyo hesabu hiyo niliifanya baadaye. Kisu kile nilikiogopa kwa sababu ya mama mmoja kwenye daladala ya Gongo la Mboto.

Ilikuwa jioni, foleni haisogei, joto la Februari mnalijua. Mama wa makamo aliyekaa pembeni yangu alikuwa amepakata boksi la vifaranga, na binti yake wa kama miaka 7 amesimama magotini pake. Aliyelifunga lile boksi alikuwa amezungusha utepe wa gundi mpaka juu ya matundu ya hewa. Vifaranga wanalia, mama anajaribu kuubandua utepe kwa kucha, haubanduki. Nikamwambia, "Shikamoo mama, hebu nikusaidie." Akaitikia marahaba vizuri tu, akanisogezea boksi. Nikaingiza mkono mfukoni. Ta!

Daladala ikanyamaza. Sijawahi kusikia daladala imenyamaza vile, hata konda aliacha kuita. Mama akamvuta binti kwa mkono mmoja na boksi kwa mkono wa pili, macho yake yako kwenye kisu, hayako kwangu kabisa. Kitambulisho changu cha uandishi kilikuwa kifuani, kinaonekana na kila mtu, hakikunisaidia kitu. Nikasema, "Nataka kukata utepe tu, mama," na sauti ikatoka kama ya mwizi anayejitetea. Kijana wa kiti cha nyuma akaniambia taratibu, "Braza, kifunge hicho." Nikakifunga. Mama akashuka kituo kilichofuata, na sina hakika kama ndicho alichokuwa anakwenda. Vifaranga waliondoka vilevile, matundu yamezibwa.

Kwanza nilikasirika. Nikajiambia wamenidhania vibaya, mimi ni mtu niliyesoma, nina kazi yangu. Usiku ndipo akili iliponirudia. Mwaka 2022 vijana waliobandikwa jina la panya road walivamia nyumba za watu hapa Dar es Salaam wakiwa na mapanga na visu, wakajeruhi na kuua. Mama yule ana binti na boksi la vifaranga. Alitakiwa aanze kuchambua kijana yupi mwenye kisu cheusi ni mwandishi na yupi siye? Mimi ndiye niliyepaswa kufikiri kabla yake, huko Mtaa wa Kongo, wakati nalipia ule mlio wa ta!

Na hapa sheria iko karibu na mama yule kuliko mnavyodhani. Kosa la kutembea na silaha hadharani katika Kanuni ya Adhabu yetu halipimwi kwa rula. Linaangalia kama umebeba bila sababu halali na kwa namna ya kumtia mtu hofu. Wenzetu wengine wameamua kupima. Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na loki, ikiwa makali yake hayazidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6, zaidi ya hapo uwe na sababu nzuri ya kumweleza polisi. Japani mstari ni sentimita 6. Kanuni za usalama wa ndege za Umoja wa Ulaya nazo zinakataza kuingia abiria na bapa linalozidi sentimita 6. Marekani, ambako visu vyote vilipigwa marufuku ndani ya ndege baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mamlaka ya usalama wa usafiri ilitangaza mwaka 2013 kwamba ingeruhusu visu vidogo visivyofika sentimita 6, wahudumu wa ndege wakaja juu, na mwaka huohuo mpango ukafutwa. Mnaiona hiyo namba inavyojirudia? Watu wasiojuana, kila mmoja kwake, wamejikuta wakichora mstari karibu na palepale. (Hili lisimdanganye mtu: ukisafiri kwa ndege, kisu chako hata kiwe kidogo vipi kiweke kwenye begi la kwenda tumboni mwa ndege, usibishane na mkaguzi.)

Kisu changu kikubwa kiliishia getini kwa ofisi moja nilikokwenda kuhudhuria mkutano na waandishi. Mlinzi alikichukua akaniambia nitakikuta jioni. Jioni zamu ilikuwa imebadilika na hakuna aliyekijua. Nililalamika kidogo, kwa heshima ya mshahara wangu wa kwanza, halafu nikaondoka mwepesi.

Baada ya hapo ndipo nilipomkumbuka babu. Babu yangu ni mtu wa Muheza, kwenye machungwa, na maisha yake yote nimemwona na Okapi. Kisu hiki wengi wenu mnakijua: mpini wa mbao wenye nakshi za nyota na mwezi, na pete ya chuma ya kuvuta unapotaka kukikunja. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, nasi tukiwa mojawapo, na tangu miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Cha babu kilianza kirefu kama vingine. Miaka mingi ya kinoo imelila bapa mpaka limebaki urefu wa kidole cha shahada. Baba alimletea kipya. Babu akakishukuru, akakitundika ukutani, akaendelea na kile kile. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Kile kirefu kinamenya hewa."

Basi nikaanza kutafuta kisu kilichozaliwa kifupi, nisisubiri kinoo kinifanyie kazi hiyo kwa miaka 40.

Okapi mpya niliiacha kwa urefu wake, na kwa sababu chuma chake hushika kutu. Huko bara si neno, lakini Dar hewa yenyewe ina chumvi, na ndimu au embe likikaa kwenye bapa usiku mmoja unaamka unakuta madoa. Opinel ya Wafaransa, inayotengenezwa Savoie tangu 1890, ni kisu kizuri cha kumenyea, na wao wana ustaarabu wa kuvipa namba kwa ukubwa. Namba 8 ndiyo maarufu, bapa lake sentimita 8.5, mimi ningechukua namba 6, ambayo ni 7, na ningechagua kile kisichoshika kutu. Kasoro yake ni mpini wa mbao: masika yakikolea, mbao inavimba na bapa linang'ang'ania ndani, unabaki unalivuta kwa kucha kama yule mama na utepe wake.

Nilichokichagua mwishoni ni kile chekundu cha Waswisi, Victorinox. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi la nchi yake visu vya askari, na mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa ambacho ndicho baba wa hivi tunavyoviona leo. Ukubwa unaouzwa sana kwa maofisa wa mezani kama sisi ni wa milimita 91 kikiwa kimekunjwa. Kuna kidogo kabisa cha milimita 58 cha kutundika kwenye funguo, kina mkasi mzuri ajabu, kinakaribia gramu 20 tu, ila embe dodo linakishinda. Mimi nina cha katikati, milimita 84. Bapa ni kama sentimita 6, kuna kifungua kopo, kuna bisibisi. Hakina loki. Wengi hunibishia hapo. Nawajibu kwamba loki ni ya kazi za kuchoma na kulazimisha, na kisu kidogo hakitakiwi kufanyishwa kazi hizo. Springi ya mgongoni inatosha kwa mtu anayekata kwa kuvuta. Halafu kinafunguliwa kwa mikono miwili, kwa kucha, polepole, bila mlio wowote. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Mtu aliyekaa pembeni yako ana muda wa kuona unafanya nini.

Tahadhari kwa wanaokwenda Kariakoo: vyekundu vyenye msalaba mweupe viko vingi na vingi ni feki. Usiangalie rangi. Kifungue, shika bapa, litikise kushoto na kulia, likicheza, rudisha. Kikunje, kiinue kwenye mwanga, uone bapa linalala katikati au linasugua ubavuni. Kisha omba ukate karatasi ya gazeti ukiwa umeishika kwa upande mmoja tu. Muuzaji akikataa, ondoka. (Chagua ukurasa wa michezo, habari zangu mziache.)

Kunoa nako. Wale mafundi wa kunoa kwa jiwe linalozungushwa na baiskeli ni mafundi kweli, panga na visu vya jikoni wapelekee. Kisu kidogo usiwape. Jiwe lile lina kasi na kisu kina nyama kidogo, mara tatu tu bapa limekwisha. Nunua kinoo kidogo, weka maji, nenda taratibu Jumapili ukisikiliza mpira redioni.

Anayeishi shambani simbishii, huko panga ni kalamu. Nazungumza na sisi wa daladala na ofisini. Mpigapicha wetu, kwa taarifa yenu, ana kisu cha sentimita 11 ambacho anakiacha nyumbani kwa sababu kinamchoma pajani akikaa, na wiki hii ameniazima changu mara mbili. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na rula.