Mboga za Kisiwani: Majibu kwa Wanaopinga

Kila ukizuka mjadala wa kulima mboga ndani ya kisiwa cha Mombasa, kwenye nyua, viwanja vya shule na vipande vya ardhi ya umma, hoja za kupinga huwa ni zilezile. Baadhi zina ukweli ndani yake, nyingine ni mazoea tu. Tuzichukue moja baada ya nyingine.

"Bustani za mboga zilikuwa za wakati wa vita. Vita vilikwisha 1945."

Uingereza iliwahimiza raia wake kulima kwa sababu meli zilizowaletea chakula zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Ujerumani. Kufikia 1943 palikuwa na viwanja vya mboga vya kukodisha karibu milioni 1.4. Watu hawakushika jembe kwa kupenda kilimo. Walilishika kwa sababu njia ya chakula ilikuwa hatarini.

Mombasa nayo iliyaonja hayo. Mwaka 1942 bandari ya Kilindini ilikuwa kituo cha manowari za Uingereza, maisha yakapanda bei na wafanyakazi wakagoma. Muda si mrefu mahindi yakaadimika nchi nzima. Wala si lazima mizinga ilie ndipo njia ifungwe. Mei 6, 2020, kwa ajili ya korona, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale, Ramadhani ikiwa kati. Masoko na mikahawa ya humo ndani ikafungwa. Zilitangazwa siku 15, zikasogezwa hadi Juni 6, na Idd ikapita watu wakiwa ndani. Anayesema jambo hili ni la zamani ana kumbukumbu fupi.

"Bustani haiwezi kulisha kisiwa."

Kweli kabisa, na hakuna mwenye akili aliyeahidi hivyo. Inakadiriwa kuwa bustani za Marekani, zilizofika milioni 20 hivi wakati wa vita, zilitoa karibu asilimia 40 ya mboga mbichi za nchi ile. Mboga, si ngano. Kwetu pia unga, mchele na nazi vitaendelea kuvuka daraja. Kinachowezekana ni kitoweo cha majani: mchicha, ambao huchumwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, majani ya kunde, na matembele, ambayo hayahitaji hata mbegu, unachomeka kipande cha shina tu. Hizi ndizo mboga zinazonyauka upesi njiani na kukosekana mwanzo gari lisipofika. Nyumba yenye unga kabatini na mchicha uani inaweza kungoja siku kadhaa bila hofu.

"Kununua Kongowea ni rahisi kuliko kulima."

Kwa siku za kawaida, huenda. Mwenye kutafuta faida ya haraka na akauze viazi karai. Lakini soko la Kongowea liko ng'ambo ya Daraja la Nyali, na sehemu kubwa ya shehena yake hutoka mbali zaidi: nyanya za Loitokitok na Taveta, vitunguu vya Tanzania. Mafuta ya lori yakipanda, bei ya fungu hupanda. Bustani haishindani na soko. Ni akiba, na wahenga walisema akiba haiozi.

"Hakuna nafasi."

Nafasi ya shamba hakuna, ya gunia ipo. Unasimamisha gunia, katikati unaweka kopo kubwa lisilo na kitako na kulijaza kokoto, kisha pembeni unajaza udongo uliochanganywa na samadi. Ukishafika juu ya kopo, unalivuta, kokoto zinabaki, unaanza safu nyingine. Mwishowe una mhimili wa mawe unaopeleka maji hadi chini. Unatoboa matundu ubavuni na kupanda juu na pembeni. Gunia zima halichukui hata nusu mita ya mraba. Shule, misikiti na makanisa ya kisiwani yana nyua, na ua mmoja hutosha magunia mengi.

"Maji yenyewe ya kunywa hatuna."

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Maji ya bomba husafiri kutoka Baricho na Mzima, Mzima ikiwa zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na mitaa mingi hupata kwa zamu. Kumwagilia mchicha kwa mtungi ulionunuliwa kwenye mkokoteni ni hasara tupu.

Ila maji ya bustani si lazima yawe ya bomba. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika mwaka wa kawaida, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 hupokea lita 40,000. Hata robo ikipotea, zinabaki 30,000, ambazo leo huishia mtaroni. Kisha yapo maji ya udhu. Msikiti hutiririsha maji mara tano kwa siku, hayana sabuni wala mafuta, nayo hupotelea kwenye shimo. Maji ya kuoshea mchele nayo ni ya mti. Visima vya kisiwani vingi vina chumvi, lakini mchicha huvumilia chumvi kuliko maharagwe. Januari na Februari, jua likiwaka, punguza upandaji.

"Udongo ni mchafu, na nyumba kongwe hazitahimili."

Hapa wapinzani wasikilizwe. Wakazi wa Owino Uhuru, upande wa bara, walidhurika kwa madini ya risasi yaliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Basi usipande kando ya gereji wala barabara kuu; tumia udongo unaojua ulikotoka. Udongo uliolowa, kina cha sentimita 20, una uzito wa kilo 300 na zaidi kwa kila mita ya mraba. Dari ya boriti na roshani ya mbao za Mji wa Kale zisibebeshwe mzigo huo. Bustani ikae chini, uani. Hapo hata sura ya mji wa urithi haiguswi.

"Italeta mbu."

Mbu wa dengi na chikungunya, maradhi yanayoujua vizuri mji huu, huzaliana kwenye maji yaliyotuama katika vyombo visivyofunikwa. Gunia la udongo si chombo cha maji. Pipa lifunikwe, liwe la bustani au la jikoni.

"Sheria ya mji hairuhusu."

Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Katiba imezikabidhi kaunti kilimo, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutolala njaa. Kinachokosekana si uwezo wa kisheria.

Bustani za vita hazikuota kwa hamasa peke yake. Serikali ya Uingereza iligawa viwanja, ikatoa maelekezo na ikahakikisha mbegu zinapatikana. Kwa hiyo madai yetu kwa kaunti ni matatu: viwanja vya umma vitakavyoruhusiwa vitajwe kwa majina, mabwana shamba wafike mitaani, na shule za umma zipewe matanki ya mvua kabla ya masika. Atakayepinga haya matatu atuambie Mji wa Kale ukifungwa tena utachuma mboga wapi.