Ulimi si Ala ya Sauti Tu

Kila mwanafunzi wa shule ya upili hufunzwa ala za sauti. Aghalabu huzitaja bila kusita: midomo, meno, ulimi, kaakaa, koromeo na nyuzi za sauti. Lakini ni wangapi wanaofahamu kwamba ulimi huo huo utamkao maneno waweza kumwangamiza mwenyewe?

Mtu akizimia, misuli hulegea. Akiwa amelala chali, ulimi hurudi nyuma ukaziba njia ya pumzi. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne hivi, huanza kudhurika. Majeruhi wa barabarani basi aweza kufariki, si kwa ukubwa wa jeraha, bali kwa kukosa mtu wa kumfungulia njia hiyo.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, nayo Sheria ya Afya ya 2017 yahesabu huduma ya kabla ya hospitali kuwa sehemu ya matibabu hayo. Hata hivyo, anayefika kwanza penye ajali si daktari. Ni utingo, mwanabodaboda, mchuuzi au mwanafunzi. Mara nyingi majeruhi huinuliwa mzobemzobe na kupakiwa garini shingo ikining'inia. Wengine humnywesha maji, nayo huweza kuingia mapafuni.

Huenda lugha nayo ina lawama. Neno "koo" twalitumia kwa mapito ya chakula na ya hewa pia. Mwalimu hana budi kutenganisha umio na njia ya pumzi, kwani maji hayafungui njia iliyozibwa na ulimi.

La kufanya si gumu. Kichwa cha aliyezimia kiinamishwe nyuma taratibu, kidevu kiinuliwe, kifua kitazamwe. Akiwa anapumua, alazwe kiubavu ili damu na matapishi yatoke. Ikishukiwa kuwa shingo imeumia, kichwa kisipindwe; taya la chini ndilo lisukumwe mbele.

Maarifa haya yakifundishwa kwa Kiingereza pekee, utingo atayapata wapi? Mwalimu wa Kiswahili anayefunza ala za sauti ana somo tayari mkononi. Dakika kumi zatosha kulikamilisha.

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Naam, lakini kifo kiletwacho na ulimi uliorudi nyuma kina kinga, na kinga yenyewe ni elimu.