Andazi Moja Halileti Kilo Moja



Kati yetu kuko wale wanajinyima chakula ili wapungue. Siku ya posho wakikula mandazi na muwa, kesho yake wanapanda juu ya mizani, wanaona kilo moja imeongezeka, kisha wanakataa chakula siku nzima. Sisi tunasema: hapana, si vizuri.

Juu ya nini? Ile kilo ya usiku mmoja si mafuta, sehemu kubwa ni maji. Mwili ukiweka akiba ya sukari, kila gramu inashika karibu gramu 3 za maji. Siku chache tu, yanatoka. Ili kupata kilo moja ya mafuta ya kweli, mtu angekula karibu kilo 2 za sukari kupita mahitaji yake. Nani alikula vile kwa siku moja?

Soda ya kila siku ni neno lingine: ile inanenepesha polepole, tena inaharibu meno. Lakini utamu wa mara moja kwa juma si zambi. Kujinyima ndiko kunaleta njaa kali, na darasani kichwa kinazunguka.

Basi, tujipime kwa mwezi, si kwa asubuhi moja. Na tuache kucheka miili ya wenzetu: kicheko chetu ndicho kinawafukuza mezani.